Ubongo ukifa huku moyo ukipiga, mtu amekufa?

Mleta mada: Mgonjwa yuko ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, hapa Nairobi. Mashine inampumulia, moyo unapiga, mwili una joto. Madaktari wanasema ubongo umekufa, kwa hiyo naye amekufa. Jamaa zake wanauliza: maiti gani hii yenye joto? Nani ana haki? Leteni hoja.

Daktari wa Upper Hill: Wengi huchanganya hali tatu. Aliye katika koma amefumba macho na hazinduki. Aliye macho bila fahamu hulala na kuamka, na kwa kawaida hupumua mwenyewe. Shina la ubongo, sehemu ya chini inayoendesha pumzi, linafanya kazi ila ubongo mkubwa umeharibika. Katika kifo cha ubongo, hata shina limezima. Moyo unaendelea kwa sababu una chanzo chake wenyewe cha umeme. Ukipata oksijeni, unapiga.

Kipimo kina utaratibu. Kwanza chanzo kijulikane na kionekane kwenye picha ya CT. Joto la mwili lifike nyuzi 36, presha ya juu isipungue 100. Dawa za usingizi ziwe zimetoka: unahesabu muda wa dawa kupungua nusu mwilini, mara 5, na unaongeza kama figo au ini ni dhaifu. Halafu unatafuta itikio lolote la shina: mwanga kwenye mboni, pamba kwenye jicho, maji ya barafu kama mililita 50 sikioni, mpira wa kunyonyea makohozi hadi ndani ya njia ya hewa kuona kama atakohoa.

Mwisho ni kipimo cha pumzi. Mpe oksijeni ya asilimia 100 kwa dakika 10, kabonidioksidi ya damu iwe kati ya 35 na 45 (kwa milimita za zebaki), kisha ondoa mashine huku oksijeni ikiendelea kupita kwa mpira mwembamba. Tazama kifua na tumbo dakika 8 hadi 10, pima damu tena. Kabonidioksidi ikifika 60, na iwe imepanda kwa 20, bila pumzi hata moja, shina halipo tena kikazi. Presha ya juu ikishuka chini ya 100, simamisha.

Mhadhiri wa falsafa, Parklands: Daktari, umepima pumzi na kukohoa. Fahamu yenyewe umeipima wapi? Mwaka 2006 mtafiti wa ubongo Adrian Owen na wenzake huko Cambridge walimweka ndani ya MRI, mashine ya kupiga picha za ubongo, mwanamke aliyehesabiwa kuwa macho bila fahamu, wakamwambia awaze anacheza tenisi. Sehemu za ubongo zinazopanga mwendo ziliwaka kama za mtu mzima wa afya. Mwaka 2024 utafiti mwingine ulipima wagonjwa 241 wasioitikia amri yoyote kwa mwili. 60 kati yao waliitikia kwa ubongo. Robo nzima! Kutojibu si ushahidi wa kutokuwepo.

Tena sheria ya Marekani inadai kazi zote za ubongo mzima zikome, Uingereza inatosheka na shina. Na baadhi ya waliotangazwa wafu bado haipothalamasi yao, sehemu ndogo ya ubongo juu ya shina, hutoa homoni ya kuzuia mkojo kumwagika. "Zote" ina maana gani hapo?

Daktari wa Upper Hill: Hoja ya haipothalamasi ni nzito na sina namna ya kuikwepa; maneno ya sheria ile yanazidi tunachopima. Lakini wagonjwa wa Owen hawakuwa na kifo cha ubongo. Shina ndilo linaloamsha ubongo mkubwa kupitia thalamasi, kituo cha kupitisha ishara katikati ya ubongo. Likifa, hakuna wa kuamshwa.

Ustadh wa Pangani: Roho haionekani kwenye CT, na wanazuoni hawakuijibu kwa sauti moja. Baraza la Fiqhi, yaani la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, lililokutana Amman 1986 lilikubali kifo cha ubongo kuwa kifo. Lile la Makka, 1987, liliruhusu mashine iondolewe, ila hukumu ya kifo ingoje moyo usimame. Mimi nashika la Makka, maana mirathi na eda huanzia saa ya kifo, na mambo hayo hayafai kujengwa juu ya shaka.

Mkristo wa South B: Kwa Wakatoliki, Papa Yohane Paulo II alikubali kigezo cha kifo cha ubongo mwaka 2000, kwa sharti kwamba ubongo wote umekoma kabisa.

Muuguzi wa ICU, Buruburu: Mnajadili fahamu, huku makosa mengi yanayozua ugomvi ni ya mashine. Mashine ya kupumulia ikitegwa kuwa nyepesi mno kuhisi, mapigo ya moyo au maji yaliyojaa kwenye mipira huifanya idhani mgonjwa amevuta pumzi. Jamaa wanaona mshale umeruka, wanapiga makofi. Mkono nao unaweza kuinuka wenyewe, kwa sababu uti wa mgongo bado uko hai. Waelezwe mapema, kabla hawajauona.

Na mgonjwa wa mapafu ya miaka mingi, aliyezoea kabonidioksidi nyingi, kipimo cha pumzi hakimfai peke yake; apimwe kama damu inafika kichwani.

Mkiwa jamaa, ombeni kuonyeshwa faili: joto, saa ya dawa ya mwisho ya usingizi, kabonidioksidi kabla na baada. Namba ya kabonidioksidi ya baada isipokuwepo, kipimo hakijakamilika, na kirudiwe kabla mtu yeyote hajatia sahihi.