Eti "nenda sheli"! Wenye ile chaja ya magari pale njia panda, mmetuvunjia heshima

Wakuu, salamu baadaye. Ile hoteli ya njia panda mnaijua, yenye bango la "Chaji gari lako hapa". Chaja ya magari ni hiyo moja tu mji mzima. Leo mlinzi wao anaangalia gari langu la umeme lenye chaji asilimia 9, anatamka bila aibu: "Kama una haraka, nenda sheli."

Nenda sheli! Gari halina hata tundu la mafuta!

Kwenye nafasi ya kuchajia imepaki Hilux ya bosi hadi majani yameota kwenye matairi. Na hata ikitoka, hamna kitu. Chaja imeandikwa kilowati 7, yaani ampia 32, lakini waya waliovuta kutoka kwenye mita ni wa milimita 2.5 na breka, ile swichi inayokata umeme ukizidi, ni ya ampia 20. Juu yake wameunganisha friji ya soda. Gari likianza kuvuta, muda si mrefu breka chini. Ampia 32 zinataka waya wa milimita 6, na kama ni mbali weka 10. Badala ya kubadili waya wamebadili mlinzi, na huyu mpya ndiye wa nenda sheli.

Uniti wanauza 1,500 wakati LUKU ya kawaida, umeme wa kulipia kabla wa TANESCO, ni kama 356. Halafu nenda sheli!

Mzee wa Breka: Breka cha mtoto, kaangalie erthi, ile njia ya umeme kwenda ardhini. Nondo yake imepigwa kwenye mchanga mkavu. Chaja isipoona erthi inawasha taa nyekundu na kukataa, halafu wao wanasema gari lako bovu.

Binti Makopa: Pole mkuu, ila kama ni Nissan Leaf ya Japani, tundu lake la chaji ya kawaida ni Taipu 1. Kebo ya pale ni Taipu 2, umbo tofauti. Bila adapta ungeishia kuitazama.

Mleta uzi: Adapta ipo kwenye buti! Itasaidia nini mtu akishakwambia nenda sheli?

Dodo Bichi: Si ungeenda tu mkuu, ukajaze upepo 😂😂

Wa Bajaji: Nyie afadhali mna bango. Sisi wa bajaji za umeme duka linatubadilishia betri moja kati ya tano, zile nne zilizochoka wanaziacha. Zilizochoka zinawahi kujaa zinachemka, mpya haijai kabisa. Mwisho zote tano zimekufa. Betri za asidi badilisheni seti nzima!

Gesi Tupu: Hamjaonja foleni ya gesi ya magari Dar. Unafika kwenye pampu shinikizo limeshachoka, mtungi wa 200 bar unaondoka na 140.

Mzee wa Breka: Na hiyo 140 ni ya moto. Ikijazwa haraka gesi inapata joto, ikipoa geji inashuka tena.

Mleta uzi: Wakuu, tulikuwa kwenye chaja. Yule mlinzi kasema nenda she…

Wa Bajaji: Gesi Tupu, kubadili mfumo wa gari la silinda nne litumie gesi siku hizi bei gani?

Gesi Tupu: Inategemea mtungi, mkuu. Wa kilo ngapi?