MREJESHO: Ule mti niliouliza kama ni mahogani au mkangazi

Wakuu naleta mrejesho. Niliuliza mti wangu ni mahogani ya Amerika (Swietenia macrophylla) au mkangazi wa Afrika (Khaya anthotheca), maana majani yanafanana balaa, yote yana vijani vya jozi jozi bila kile kimoja cha kumalizia nchani. Yule aliyesema achana na majani subiri matunda, mkuu asante sana.

Tunda limepasuka kuanzia chini kwenye kikonyo kwenda juu, ganda nene gumu, na mbegu ina bawa upande mmoja tu, ukiirusha inazunguka kama feni. Basi ni Swietenia. Ingekuwa mkangazi tunda lingekuwa duara, linafungukia juu, na mbegu bapa zenye kibawa chembamba kuzunguka ukingo wote.

Wale mliosema ni mti uleule majina tofauti, hapana, jenasi mbili hizo, ila undugu upo kweli, wote familia ya Meliaceae, hata mwarobaini yumo humohumo. Sasa ile inayoitwa mahogani ya Ufilipino ndo haihusiki kabisa, nyingi ni Shorea na wenzake, familia ya Dipterocarpaceae, wafanyabiashara tu hao na majina yao.

Na aliyegusia kusafirisha mbao nje: mahogani ya misitu ya Amerika iko orodha ya pili ya CITES (mkataba wa kimataifa wa kudhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini) tangu 2003, na mikangazi ya Afrika nayo ilipitishwa kuingia orodha hiyohiyo kwenye mkutano wa 2022, kwa hiyo vibali lazima.