Naomba ushauri: patasi inanasa ninapochimba ndani ya ngoma kwa mashine ya kukereza

Mkereza_Mpya (Kisumu)
Nawasalimu nyote. Mimi ni seremala karibu na soko la Kibuye, na kazi yangu ya kila siku ni viti, meza na miguu ya vitanda. Kwaya ya kanisa letu imeniagiza ngoma za mkono zenye kimo cha sentimita 60 na mdomo wa sentimita 30, nami nimeamua kuzikereza kwa mashine ya karakana badala ya kuzichonga, ili zote ziwe na umbo moja. Upande wa nje gogo linakubali vizuri. Shida iko ndani: patasi ikishapita kina cha kiganja inanasa, inaniponyoka mkononi na kuacha mfereji kwenye ukuta wa ngoma. Nimeinoa mpaka inanyoa nywele za mkono, na bado hali ni ile ile. Je, niinoe kwa pembe gani? Na kuna mafuta ya kupaka ndani ili mbao ilainike? Siku ya sherehe inakaribia na usingizi umenipaa.

Mwanakwaya (Nakuru)
Ndugu, ya patasi siyajui, lakini usisahau ngozi, kwa sababu ngoma ni ngozi. Loweka ngozi ya mbuzi usiku kucha, iwambe ingali mbichi, kisha uiache ikauke kivulini, kwa kuwa jua kali huivuta upande mmoja na kuipasua. Kwaya yetu iliwahi kununua ngoma iliyowambwa kwa haraka, na kila mvua iliponyesha ngozi ililegea hata tukawa tunaipasha moto kwenye jiko la makaa kabla ya ibada huku mchungaji akitusubiri. Mwaka huo tuliimba nyimbo nyingi bila ngoma.

Mzee_wa_Ikolomani
Kijana wangu, nimesoma nikahuzunika. Sisi Waidakho na ndugu zetu Waisukha tunachonga isukuti, ngoma zetu, kwa mkono kutoka gogo moja, na zinakuwa tatu: kubwa, ya kati na ndogo, kila moja na sauti yake. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka uchezaji wa isukuti katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, na sababu mojawapo ni kwamba vijana hawajifunzi tena. Wewe unataka ngoma zote zifanane kama sahani za dukani. Nani alikwambia kwamba ngoma zinapaswa kufanana? Na ukishawishika kutumia ngozi ya kenge kama walivyofanya wazee wetu, kumbuka kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kumwinda bila kibali. Tumia mbuzi.

Patasi_Kali (Bungoma)
Mzee, heshima yako, ila mwenzetu ameuliza habari ya patasi. Ndugu Mkereza, pembe ya kunoa si kiini cha shida. Patasi inanasa kwa sababu ncha yake imekwenda mbali na egemeo, yaani chuma unachoegemezea patasi: kadiri chuma kinavyojitokeza mbele, ndivyo gogo linavyopata nguvu ya kukupokonya. Tumia chuma kinene chenye mpini mrefu, ingiza egemeo ndani ya tundu lenyewe, na ukwangue kidogo kidogo kutoka katikati kwenda ukingoni. Mafuta hayasaidii. Sasa nijibu: ni mti gani, umekauka au ni mbichi, gogo umelishika vipi, na mashine inazunguka kwa kasi gani?

Mkereza_Mpya
Asante sana. Mti ni mringaringa, ule ambao Waluhya huuita mukomari, na nimeambiwa ndio mti wa ngoma. Umekauka kiasi. Gogo limekazwa barabara na mashine haina tatizo lolote. Naomba tu nielezwe zaidi kuhusu hicho chuma kinene.

Patasi_Kali
Hujajibu. "Kiasi" ni kiasi gani? Limekazwa kwa kitu gani? Kasi?

Dada_wa_Rangi (Kisumu)
Seremala akiulizwa kasi ya mashine huwa kama kijana aliyeulizwa na baba mkwe anafanya kazi gani. Sema tu, kaka, hapa hakuna polisi.

Mkereza_Mpya
Sawa, nitasema. Mashine nimeiunda mwenyewe kwa vyuma vya mtumba na beringi za gari, na mota yake ni ya kinu cha posho, mizunguko 1440 kwa dakika. Sahani ya chuma imefungwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, hakuna puli za kupunguza kasi. Gogo nimelifunga kwenye sahani kwa skrubu za inchi moja na nusu, na ninapochimba ndani, ncha ya nyuma, ile inayoshikilia gogo upande wa pili, naiondoa kwa kuwa inaziba njia. Mti ulikatwa mwezi uliopita. Lakini naomba mnielewe: malipo ya awali nimepokea na yamekwisha kwenye mota, magogo mengine yako tayari, na miguu ya vitanda nimekuwa nikiikereza kwa kasi hiyo hiyo bila ajali. Sioni kwa nini ngoma iwe tofauti.

Patasi_Kali
Ni tofauti, ndugu yangu. Mguu wa kitanda una upana wa sentimita 8, hili gogo lina 30 na bado lina maji, kwa hiyo uzito wake unaweza kupita kilo 30. Kwa mizunguko 1440, ukingo wa gogo unakimbia zaidi ya kilomita 80 kwa saa mbele ya kifua chako. Tena ngoma hufungwa kwa kitako, ambako nyuzi za mti zimekatwa, na hapo skrubu fupi haishiki: ikivutwa kwa nguvu inatoka na unga wake. Wakerezaji wana kipimo chepesi: zidisha upana wa gogo kwa inchi na mizunguko ya dakika, jibu liwe kati ya 6000 na 9000. Kwako ni inchi 12, yaani mizunguko 500 hadi 750, na gogo ambalo halijakaa sawa huanzishwa chini ya hapo. Wewe umepita 17,000.

Msomaji_Makini (Kakamega)
Naomba radhi kwa nitakayoyasema, lakini naona uzi huu umetungwa. Mwanzoni tuliambiwa "mashine ya karakana", sasa ameiunda mwenyewe. Kwanza mti umekauka, sasa ulikatwa mwezi uliopita. Na gogo la kilo 30 likizungushwa hivyo kwa skrubu za inchi moja na nusu, bila ncha ya nyuma, lingekuwa limeruka siku ya kwanza. Anayeandika haya hajawahi kusimama mbele ya mashine. Tunapotezewa muda.

Mwanakwaya (Nakuru)
Hata mimi nimeanza kujiuliza. Ni kanisa gani linalotoa malipo ya awali?

Mkereza_Mpya
Sijatunga. Gogo huwa nalipunguza kwa shoka kwanza mpaka liwe na pande nane. Nikiwasha, mashine inatetemeka mpaka vumbi la sakafuni linajipanga mistari, kisha inatulia. Patasi inaponasa, gogo linachezacheza kwenye sahani. Jana nilipolifungua nilikuta skrubu mbili zimepinda shingo na matundu yake yamepanuka, ndani mna unga mweupe uliolowa. Picha siweki kwa sababu mwenye kazi yumo humu.

Patasi_Kali
Huo unga uliolowa ndani ya tundu la skrubu hautungiki. Namwamini. Na hata asingekuwa mkweli, kuna atakayesoma hapa akafunge sahani kwenye mota ya posho, kwa hiyo tuendelee.

Mzee_wa_Ikolomani
Nami namwamini, na nina njia. Ngoma ni tundu linalopita mwanzo hadi mwisho, halina chini iliyoziba ya kulindwa. Chimba ndani kwanza kwa mkono, kwa patasi ndefu na nyundo ya mti, ukitokea pande zote mbili. Kufanya hivyo kunaondoa moyo wa mti, ambao ndio unaoanzisha ufa. Acha ukuta wa sentimita 3, paka nta ya mishumaa kwenye vitako, weka kivulini mpaka liache kupungua uzito. Ndipo uzibe midomo yote miwili kwa vizibo vya mbao, ulishike gogo katikati ya ncha mbili, na ukereze nje tu. Mkono utakuwa umefanya kazi yake na mashine yake.

Mkereza_Mpya
Mzee, shikamoo. Hiyo ya vizibo sikuwahi kuifikiria, na inaniondolea kabisa shida ya patasi kunasa. Ila kukausha kunahitaji miezi, na sherehe haisubiri. Nitafuata njia yako kwa hizi za mringaringa, na nitamwambia mwenyekiti wa kwaya kwamba kwa sherehe watapata ngoma moja ya vipande vya mbao kavu vilivyoungwa kwa gundi. Puli nitanunua ya inchi 9. Ya inchi 3 ninayo.

Patasi_Kali
Inchi 3 kwa 9 inakupa 480, inatosha gogo likishakuwa mviringo. Kwa kuanzia tafuta ya inchi 12, upate 360. Kwa ile ya kuunga, vipande 12 vinahitaji kila ukingo ukatwe kwa nyuzi 15. Kosa dogo la pembe hujirudia kwenye kila kiungo na duara halitafunga, kwa hiyo jaribu kwanza kwa mbao za taka. Na mota isiwashwe kabla ya kuzungusha gogo kwa mkono duru nzima.

Mkereza_Mpya
Magogo yaliyokwisha kufungwa nimeyatoa kwenye sahani. Kesho naanza kuchimba la kwanza kwa mkono.