Naomba ushauri: kwaya ya watoto na mvua ya Amazon
Habari zenu wapendwa. Nafundisha watoto wa miaka 8 hadi 12 uimbaji wa klasiki. Tunaandaa onyesho kuhusu msitu wa Amazon, ule uliotanda katika nchi nane pamoja na Guyana ya Ufaransa, sehemu kubwa ikiwa Brazili. Mvua tunaianza kwa kusugua viganja, kisha kugonga kiganja kwa vidole viwili, halafu mapaja, inapendeza mno! Shida ni sauti ya kwanza inapoingia: wadogo wanakaza koo, wanapanda nusu toni, na sauti ya pili inawafuata hukohuko. Piano sitaki kabisa, itaua ule msitu. Je, wakubwa washikilie noti moja kwa midomo iliyofumbwa, au nianze na kanoni, yaani wimbo uleule ambao kundi moja linaanza na jingine linafuata nyuma yake? Mliofundisha watoto kuimba bila ala, nisaidieni.