Kuondoa sisti ya mrija wa nyongo kwa mtoto: njia mpya ya nyongo ielekezwe duodeni au kitanzi cha Roux?

Mama Neema:
Habari zenu. Binti yetu wa miaka minne amegundulika kuwa na sisti ya mrija mkuu wa nyongo, yaani mrija huo umetanuka kama mfuko, na kipimo cha MRI kimeonyesha kuwa ni ya aina ya kwanza, yaani mirija iliyo ndani ya ini haijatanuka. Daktari ametueleza kwamba sisti itaondolewa yote pamoja na mfuko wa nyongo, kisha mrija unaotoka kwenye ini utaunganishwa ama na duodeni (sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba) moja kwa moja, ama na kitanzi cha jejunamu (sehemu ya utumbo mwembamba inayofuata duodeni) kinachoitwa cha Roux. Amesema njia zote mbili zinakubalika, na hapo ndipo tulipokwama. Naomba mwenye ujuzi atufafanulie tofauti zake. Aidha, kwa nini sisti isiachwe mahali pake na kuunganishwa tu na utumbo?

Mpasuaji wa watoto:
Mama Neema, pole kwa mashaka. Nianze na swali lako la mwisho, kwa kuwa halina mjadala tena. Zamani sisti iliunganishwa na utumbo bila kukatwa, lakini wagonjwa waliendelea kupata vijiwe na maambukizi, na baadhi yao walipata saratani katika ukuta ulioachwa. Mwaka 1969 daktari Babbitt alieleza chanzo kinachokubaliwa na wengi: kwa watoto hawa mrija wa nyongo na ule wa kongosho hukutana kabla ya kufika kwenye ukuta wa duodeni, hivyo majimaji ya kongosho hupanda kwenye mrija wa nyongo na kuuchoma mwaka hadi mwaka. Ndiyo maana sisti haiachwi.

Katika njia ya Roux, utumbo mwembamba hukatwa mbele kidogo ya mwisho wa duodeni, ncha ya chini hupandishwa hadi kwenye ini ili ipokee nyongo, na ile ya juu huunganishwa tena na utumbo huohuo chini zaidi, kwa kawaida sentimita 30 hadi 40 kutoka kwenye ini. Urefu huo ndio unaozuia chakula kurudi nyuma hadi kwenye mirija ya nyongo. Gharama yake ni maunganisho mawili badala ya moja, pamoja na uwezekano wa utumbo kuziba, kujisokota, au kupenya kwenye uwazi uliobaki nyuma ya kitanzi usiposhonwa vizuri. Tena, kama unganisho la juu litasinyaa miaka kadhaa baadaye, ni vigumu kulifikia kwa endoskopi, yaani mrija wenye kamera, inayopitia mdomoni.

Kuunganisha na duodeni kunachukua muda mfupi zaidi, kunahitaji unganisho moja tu, na endoskopi hulifikia kwa urahisi. Kasoro yake kubwa ni nyongo kurudi tumboni, yaani kwenye mfuko wa chakula, ambako huweza kuleta uvimbe wa ukuta wa tumbo, maumivu chini ya kifua na matapishi yenye nyongo.

Baba wa mvulana aliyepasuliwa:
Mwanangu aliunganishwa na duodeni. Mwaka wa pili alianza kuamka akilalamika tumbo, na mara kwa mara alitapika maji ya rangi ya kijani iliyochanganyika na manjano kabla hajala chochote. Endoskopi ilionyesha ukuta wa tumbo umekuwa mwekundu na nyongo imetuama. Alipewa dawa, akapata nafuu, na anakua vizuri. Nasema haya ili mama ajue dalili zenyewe zilivyo, wala si kwa kumkatisha tamaa.

Mpasuaji wa pili:
Nakubaliana na mwenzangu, ila naegemea Roux, hasa mirija ya ndani ya ini inapokuwa imetanuka, kwa sababu hapo tunahitaji unganisho pana karibu kabisa na ini, na duodeni huweza kuvutika likipandishwa huko. Kwa binti huyu hoja hiyo haina nguvu sana. Tafiti zilizolinganisha njia hizi hazikuonyesha tofauti ya wazi katika kuvuja kwa nyongo wala maambukizi ya mirija. Tofauti iliyojitokeza zaidi ni nyongo kurudi tumboni kwa walioungwa na duodeni. Hata hivyo, nyingi zilitazama nyuma katika mafaili ya wagonjwa ambao njia yao ilichaguliwa na mpasuaji, kwa hiyo zisomwe kwa tahadhari. Huko Hanoi, Vietnam, mpasuaji Nguyen Thanh Liem na wenzake wamewapasua mamia ya watoto kwa matundu madogo wakitumia njia zote mbili. Kwangu mimi, upana wa unganisho, kutovutika kwake, na uzoefu wa mpasuaji katika njia anayoitumia kila mara vina uzito kuliko jina la njia.

Mama Neema:
Nawashukuru sana. Je, akishapona kidonda, ufuatiliaji unakoma lini?

Mpasuaji wa watoto:
Haukomi, kwa njia yoyote mtakayochagua. Hatari ya saratani hupungua sana sisti ikiondolewa, lakini haiishi kabisa, na unganisho huweza kusinyaa baada ya miaka mingi. Atahitaji ultrasaundi na vipimo vya damu vya ini kwa vipindi atakavyopanga daktari wake, hata akiwa mtu mzima. Akipata homa pamoja na maumivu ya tumbo au macho kuwa ya manjano, mpelekeni hospitali siku hiyohiyo na mwelezeni daktari atakayempokea ni unganisho gani alilofanyiwa. Kwa hiyo ombeni nakala ya ripoti ya upasuaji kabla ya kuruhusiwa kurudi nyumbani.