Mwandiko wa zamani wa Kijerumani: nijifunze mwenyewe, nimlipe mtu au nitumie programu?

MjukuuWaMlalo
Wakuu, habari za jioni. Nina picha za kurasa za kitabu cha zamani cha kanisa chenye habari za ukoo wetu, Kijerumani cha mkono kitupu. Sing'amui hata neno moja. Kuna mtu nimempata mtandaoni anataka Euro 25 kwa kila ukurasa anisomee na kuniandikia upya. Rafiki yangu anasema nitumie Transkribus, programu ya kompyuta inayosoma miandiko ya mkono. Binamu anasema nijifunze mwenyewe. Huyo wa Euro natakiwa nimjibu kabla ya Ijumaa. Nishike lipi?

MwanaHati
Mkuu, umeuliza bei ya nguo hujasema ni kanzu au suruali. Kurasa ngapi? Mwaka gani? Usharika upi? Kijerumani chenyewe unakijua? Unatafuta jina moja au unataka kila mstari? Na una hakika ni za mkono? Wengi huchanganya. Zile herufi nene nyeusi za kuchapa ni Fraktur, hizo unazizoea ndani ya wiki. Za mkono ni Kurrent, na hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Pwani_Tanga
Usimlipe mtu. Pakua chati ya Sütterlin, ule mwandiko wa shule wa Kijerumani, ibandike ukutani, kila herufi uitazame kwenye chati. Mimi nilisoma kadi mbili za posta za marehemu babu kwa njia hiyo.

BintiRungwe
Pwani, kadi za babu yako bila shaka ni za baada ya vita vya kwanza. Mchoraji Ludwig Sütterlin aliombwa na serikali ya Prussia abuni mwandiko huo wa shule mwaka 1911, na shule zikaanza kuufundisha 1915. Mmisionari aliyeandika vitabu vya kanisa huku kwetu alijifunza kuandika akiwa mtoto, miaka ya 1870 au 1880. Huyo anaandika Kurrent ya zamani, imelala upande, nyembamba, na mkono wake mwenyewe umeingia ndani. Ukienda na chati ya Sütterlin peke yake utakata tamaa ukurasa wa kwanza.

Pwani_Tanga
Dada, sijasema ni kitu kilekile. Nimesema ni mlango. Maumbo ya Sütterlin ni ya mviringo na yamesimama wima, mwanafunzi anayaona. Akishayajua, anaingia Kurrent.

BintiRungwe
Kama mlango, sawa. Ila mimi ningemwambia aanze kwa kuandika, asianze kwa kusoma. Nilinunua daftari la mistari, kila usiku dakika 20, naandika jina langu, majina ya watoto, majina ya miezi kwa Kurrent. Mkono ukishajua kalamu inapopanda na inaposhuka, jicho linafuata lenyewe. Herufi *e* kwao ni vijiti viwili vifupi vilivyobanana, inafanana na *n*. Na *n* ni vijiti hivyohivyo vimeachana kidogo. Na *u* ni *n* iliyowekewa kijikunjo juu kama mwezi mchanga. Sasa neno lenye *e*, *n* na *u* pamoja linaonekana kama uzio wa miti. Kwa kutazama tu utazitenganishaje?

KidiaKwetu
Mjukuu, kabla hujatuma hela nisikilize.

Mwaka juzi nilikuwa na kurasa 14 za ubatizo kutoka upande wetu wa Kilimanjaro, enzi za misheni ya Leipzig. Nikampata mtu mtandaoni, Mjerumani, kazi yake ni hiyohiyo ya kunakili hati za zamani. Nikalipa nusu kabla, nusu baada. Kazi ilirudi kwa wakati, imepangwa vizuri, Kijerumani kimenyooka. Nikaichapisha nikaipeleka kwa wazee kwenye kikao cha ukoo. Mzee mmoja akavaa miwani, akasoma, akaniuliza: "Udewiugia ni nani?" Hakuna Mchaga mwenye jina hilo. Nikarudi kwenye picha. Ni Ndewingia! Yule bwana kila *n* asiyoitambua kwenye neno la kigeni aliigeuza *u*, maana kwake majina yetu yote ni sauti tu. Niliporudia ukurasa kwa ukurasa nilikuta majina 31 yameharibika. Wawili kati yao walikuwa ndugu wa bibi yangu, na kwenye karatasi niliyowagawia wazee walionekana kama watu wa ukoo mwingine. Ilibidi nipite nyumba kwa nyumba kukusanya nakala zile. Aibu ile bado ninayo.

Kijerumani alikisoma sawasawa, hapo simlaumu. Lakini sisi hatukwenda kutafuta Kijerumani, tulikwenda kutafuta majina. Na majina ndiyo asiyoyajua.

MjukuuWaMlalo
Asanteni sana, na samahani kwa kutoeleza. Kurasa ni 6, mwaka 1906, Mlalo, Lushoto. Juu ya ukurasa pameandikwa Hohenfriedeberg. Kijerumani nilisoma miezi minne, nakumbuka kidogo. Namtafuta babu mzaa babu. Alibatizwa mtu mzima, sisi tunamjua kwa jina la Yohana tu. Wazee wawili wa kwetu wanavutana kuhusu ukoo wake wa asili, mmoja ana miaka 91. Nataka nipate jibu akiwa hai.

MwanaHati
Sasa umesema. Hohenfriedeberg ndiyo Mlalo, misheni iliyoanza 1891. Na ukikuta Wilhelmstal humo ndani, hiyo ni Lushoto yenyewe. Kurasa 6 ni Euro 150. Kwa jina moja ni ghali. Jifunze mwenyewe, kitabu cha ubatizo hakina maneno mengi: *geboren* ni kuzaliwa, *getauft* ni kubatizwa, *Eltern* ni wazazi, *Paten* ni wadhamini wa ubatizo. Ukiyajua maneno kama 30 umemaliza. Ukiona 7ber usidhani ni mwezi wa saba. Ni Septemba, wanahesabu kwa Kilatini. 8ber ni Oktoba.

Msomi_Minnesota
Naunga mkono programu. Transkribus ilitokana na mradi wa Chuo Kikuu cha Innsbruck, Austria, ina modeli zilizofundishwa Kurrent, na unapata kiasi cha bure kila mwezi. Kwa kurasa 6 huenda usilipe chochote. Kama unataka kujifunza, Chuo Kikuu cha Brigham Young kina mafunzo ya bure mtandaoni ya kusoma mwandiko huo. Na hapa Marekani, Hifadhi ya Wamoravian kule Bethlehem, Pennsylvania, hutoa kozi ya mwandiko wa Kijerumani, ila hiyo ni ya mwenye nauli.

KidiaKwetu
Transkribus nilijaribu baadaye. Barua ndefu inasoma vizuri. Kitabu chenye safu ilinichanganyia, jina la mtoto likaunganishwa na tarehe ya jirani. Na kwa majina yetu ina ugonjwa uleule wa yule bwana.

Msomi_Minnesota
Picha zako zilikuwaje? Za simu, zimepigwa upande, kivuli cha mkono juu? Kata kila safu peke yake ndipo uipe.

MamaUpendo
Niseme jambo lingine. Mjukuu, usipandishe ukurasa mzima humu. Vitabu hivyo vina mambo ya watu, nani alizaliwa nje ya ndoa, nani alitengwa na kanisa na kwa kosa gani. Wajukuu wao wako humuhumu. Kata neno unalotaka tu.

MjukuuWaMlalo
Nimekusikia, mama. Mchungaji naye alinipa ruhusa kwa sharti hilohilo. Naweka kipande kimoja. Baada ya *Johane* kuna neno dogo, kisha neno refu ambalo mwandiko wake naona kama umebadilika.

BintiRungwe
Nimelifungua, nimelikuza. Twende polepole. Herufi ya kwanza inapanda juu na kushuka chini ya mstari, na katikati ina kitanzi kidogo. Hiyo ni *f*. Bila kitanzi ingekuwa *s* ndefu. Inayofuata ni *r*. Kisha vijiti viwili vyenye nukta mbili juu, hakuna mwezi mchanga, kwa hiyo ni *ü*. Kisha herufi yenye kitanzi juu na kitanzi chini, hiyo ni *h* yao. Mwisho *er*. Neno ni *früher*. Maana yake "zamani", "hapo awali".

Ndugu yangu, wameandika jina lake la kabla ya ubatizo.

MwanaHati
Na ndiyo maana mwandiko umebadilika. Waandishi wengi wa enzi hizo waliandika Kijerumani kwa Kurrent, wakifika kwenye jina la mtu au neno la kigeni wanahamia herufi za Kilatini, hizi tunazotumia sisi. Kwa hiyo jina la babu yako huenda ukalisoma mwenyewe sasa hivi bila kozi.

MjukuuWaMlalo
Mikono inatetemeka. Naona *Schem*, halafu wino umetapakaa.

Pwani_Tanga
*Sch* ni *sh* yetu. Ndivyo walivyoandika, kama Schambala kwa Shambala. Kwa hiyo ni Shem-. Msambaa kabisa huyo.

Kwa upande wetu wa pwani kazi ni nyingine. Barua za babu zangu kwa akida ni Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, na nyuma ya karatasi karani Mjerumani kaandika mambo yake kwa Kurrent. Karatasi moja, miandiko miwili, na vijana wetu hawasomi hata mmoja. Kuna anayejua anayefundisha Kiswahili cha herufi za Kiarabu, Tanga au Dar?

MamaUpendo
Pwani, fungua mada yake, nami nitakuja. Nina sanduku la baba mkwe limejaa hizo.

MjukuuWaMlalo
Wazee wangu wanavutana kati ya Shemdoe na Shemhilu. Herufi iliyo baada ya *m* inapanda juu, lakini *d* na *h* zote zinapanda.

BintiRungwe
Iache hiyo, tazama mbele yake. Shemhilu ina *i*, itafute nukta yake. Shemdoe haina nukta popote. Na mwisho wa neno, *u* au *oe*?

MjukuuWaMlalo
Mwisho umeliwa na mshono wa kitabu. Nukta ipo, lakini iko pembeni ya doa la wino. Sijui ni ya kalamu au ni ya doa.

KidiaKwetu
Picha haitatoa jibu hilo. Rudi usharikani, omba kitabu, kifungue taratibu pale kwenye mshono, piga picha dirishani asubuhi, mwanga ukitokea upande. Na utazame kurasa za mbele, kama alibatiza watoto baadaye jina litarudiwa kwenye safu ya *Eltern*.

MwanaHati
Yule wa Euro utamjibu nini?

MjukuuWaMlalo
Nitamwomba anisubiri. Jumamosi napanda gari la Mlalo.