Haiku ya Kiingereza: mizani 5-7-5 zimetimia, mdundo haupo

Wakuu, nimeandika haiku (shairi fupi la mistari mitatu lenye asili ya Kijapani) kwa Kiingereza. Mizani zimetimia lakini shairi halina mdundo likisomwa kwa sauti. Tatizo nini?

— Mkuu, Kiingereza huenda kwa mkazo. "Strengths" na "a" zote ni silabi moja, ila ya kwanza huchukua muda mrefu zaidi kutamkwa. Hesabu mikazo badala ya silabi: jaribu 2-3-2, kisha gonga meza ukisoma.

— Naongezea: hata hesabu yenyewe hugombaniwa. "Fire" wengine huitamka silabi moja, wengine mbili. Na Kijapani hakihesabu silabi hasa. Tokyo kwao ni vipande vinne vifupi vya sauti (to-o-kyo-o). Ndiyo maana silabi 17 za Kiingereza hubeba mengi mno. Anza kufyeka vivumishi vya kujazia. Silabi 10 hadi 14 zinatosha kabisa.